Umezeeka, Dada! Je, Kukesha Kunazeesha Uso?



Vijana wenzangu, leo naandika juu ya uso wangu. Najua inasikika kama mambo ya kioo na poda, lakini nivumilieni kidogo. Na kaka zangu msikimbie, mtajikuta humu humu.

Jumapili moja ya mwezi wa saba nilisimama nje ya kanisa baada ya misa ya pili, nawasubiri wanakwaya wenzangu. Nilikuwa sijaonekana parokiani kwa wiki tatu. Akaja kijana mmoja wa sauti ya tatu, mtu wa watu, hana baya na mtu. Akanipa mkono, akaniangalia, akasema, "Eh, dada! Umezeeka! Kulikoni?" Akacheka, na mimi nikacheka. Nina miaka 24.

Hakujua kilichotokea. Mama yangu alianguka jikoni katikati ya mwezi wa sita. Kiharusi. Upande wa kulia ukawa mzito, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Nilikaa naye wodini usiku 19. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili asije akapata vidonda vya mgongoni, na wodi nzima usiku inaangaliwa na nesi wawili au watatu. Kwa hiyo anayegeuza ni ndugu. Mchana mama mdogo alikuja na uji, nikapata kulala kidogo kwenye benchi la nje. Usiku ni mimi, kiti cha plastiki, khanga mbili na ile baridi ya Iringa ya mwezi wa sita ambayo mwenye kuijua anaijua.

Siku ile nilipofika nyumbani nikafunga mlango, nikachukua kioo. Kisha nikafungua simu. Nilikuwa na picha ya asubuhi ya Pasaka, nimevaa sare ya kwaya. Nikapiga nyingine hapo hapo dirishani, nikazitazama pamoja. Jamani! Chini ya macho peusi kama pamepakwa masizi. Kope zimevimba. Paji la uso lina mistari, na katikati ya nyusi kuna mkunjo mmoja umesimama wima. Ngozi imepauka, ya majivu majivu. Nikajiuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mmeshajiuliza baada ya mitihani au baada ya msiba: hivi wiki tatu tu zinaweza kumzeesha mtu? Na hii itaondoka, au ndiyo imeshakaa?

Nikaanza kutafuta majibu kwenye simu. Ninachowaletea ni kile nilichokiona kina uzito.

Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Karolinska, kule Stockholm nchini Uswidi, waliwapiga picha watu 23 mara mbili. Mara ya kwanza wamelala masaa 8. Mara ya pili wamelala masaa 5, kisha wakakaa macho masaa 31 mfululizo. Bila vipodozi. Halafu watu wengine 65 wasiojua nani amelala na nani hajalala wakaonyeshwa picha hizo. Waliokesha walionekana wamechoka zaidi, hawana afya nzuri, na hawapendezi kama walivyokuwa wamelala. Tofauti haikuwa kubwa sana, lakini ilikuwepo. Mwaka 2013 wakaenda mbali zaidi, wakauliza ni nini hasa jicho la mtu linakiona. Jibu: kope zinazoning'inia, macho mekundu na yaliyovimba, weusi chini ya macho, ngozi iliyopauka, mikunjo midogo iliyoongezeka, na pembe za mdomo kushuka chini. Na kitu kingine walichokisema watazamaji: watu hao wanaonekana wana huzuni. Hilo la huzuni liwekeni akilini, nitalirudia.

Kwa hiyo kijana wa sauti ya tatu hakuniongopea. Macho yake yaliona kitu ambacho kipo.

Lakini je, huko ndiko kuzeeka? Hapa ndipo nilipojifunza kutofautisha. Ngozi ya chini ya macho ni nyembamba kuliko karibu sehemu zote za mwili, kwa hiyo damu na maji yakikaa vibaya chini yake, yanaonekana haraka. Ukikesha, mwili unatoa homoni za msongo kwa wingi, damu haizunguki usoni kama kawaida, ngozi inapoteza maji, na ngozi kavu inaonyesha kila mstari. Tena mimi nilikuwa sijapaka mafuta wiki tatu, katika miezi ambayo upepo wa Iringa unapasua hata midomo ya watoto. Ukitoa uchovu, ukatoa ukavu, ukatoa huzuni, sijui kingebaki nini cha kuitwa uzee.

Uzee wa ngozi wenyewe ni kazi ya taratibu. Ni zile nyuzi zinazoishikilia ngozi, ambazo wataalamu wanaziita kolajeni na elastini, zinakatika na kupungua mwaka hadi mwaka, na anayezikata sana kutoka nje ni jua, pamoja na sigara. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la madaktari huko Marekani lilitoa picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso, uliokuwa dirishani, umekunjamana sana. Upande wa kulia ni kama wa mdogo wake. Jua lilipita kwenye kioo siku zote hizo. (Kwetu, ambako usukani uko kulia, ingekuwa kinyume. Madereva wetu wa malori na mjichunguze.) Hiyo ni miaka 28. Mimi nina usiku 19.

Na kuna habari njema zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa mwaka 2021 uchunguzi wa nywele za watu 14, wakaona kwamba kuna nywele zilizoanza kuwa nyeupe wakati wa msongo halafu zikarudi kwenye rangi yake msongo ulipopungua. Mmoja alikwenda likizo, nywele zake tano zikarudi. Mwaka 2023 wengine wakaonyesha kwamba wazee waliofanyiwa upasuaji wa dharura wa nyonga, alama za uzee zilizomo kwenye damu zao zilipanda siku iliyofuata, kisha zikashuka ndani ya wiki moja. Yaani mwili una kwenda na kurudi. Kumbe uzee hauendi mbele tu kama mshale wa saa.

Nisiwafiche upande wa pili. Mwaka 1995 huko Ohio walichukuliwa wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wakafanyiwa kidonda kidogo mkononi, cha milimita 3.5, wakalinganishwa na wanawake wengine 13 wasiouguza mtu. Kidonda cha wauguzaji kilichukua siku 48.7 kupona, cha wenzao siku 39.3. Siku tisa za ziada! Lakini hao hawakuwa wa wiki tatu. Ni watu wa miaka ya kuuguza. Kama unamfahamu dada au mama anayeuguza mtu ndani mwaka wa tano sasa, huyo habari za "itarudi tu" usimwambie haraka. Kuna utafiti mwingine unaopendwa sana na wauza krimu, wa wanawake 60, unaosema wasiolala vizuri wana dalili nyingi zaidi za uzee wa ngozi. Sikatai. Ila ulilipiwa na kampuni ya vipodozi, nami ni binti wa mama muuza nyanya, najua mtu anavyozipanga za mbele.

Basi jibu la swali la kwanza ndilo hilo: siku chache za kukesha na za msongo zinaonekana usoni, zinakufanya ufanane na mtu mkubwa kuliko wewe, na ukilala zinaondoka. Ningeweza kuishia hapa, nikawaambia mlale mapema, nikawaaga.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike.

Nilipomaliza kusoma yote hayo, saa saba za usiku (ndiyo, nasoma juu ya usingizi huku silali), nilitegemea nifurahi. Uso wangu utarudi! Badala yake nikasikia kama mtu aliyeibiwa. Nilikaa kitandani najiuliza, hii ni nini tena? Na jibu lilipokuja sikulipenda. Sikutaka uso urudi. Nilitaka ubaki hivyo hivyo, kwa sababu ulikuwa risiti yangu.

Nina kaka. Anafanya kazi Mwanza. Mama alipoanguka alituma pesa siku ile ile, akalipia kipimo cha kichwa, akalipia dawa, kila baada ya siku mbili tatu simu inalia ujumbe wa pesa umeingia. Lakini yeye mwenyewe alifika siku ya 16. Na ile asubuhi aliyokuwa anafika, mimi nilijua. Alinipigia saa kumi na moja alfajiri akiwa stendi. Nyumba ya mama mdogo ni mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali. Kuna maji, kuna sabuni, kuna gauni langu safi. Mama mdogo alikuwa ameshakuja, akaniambia, "Mwanangu, nenda kaoge, kaka yako anakuja." Nikamwambia, "Acha tu, Mama mdogo, nitaoga baadaye."

Nilitaka anikute vile. Nywele zimetimka, macho mekundu, khanga ina madoa ya uji. Alipoingia na shati lake limenyooka na uso wa mtu aliyelala kwake kila siku, nilimwangalia, wala sikusema neno. Na yeye akainamisha macho. Nitakuwa mwongo nikisema sikusikia raha.

Mnaijua Injili ya Jumatano ya Majivu. Tunaisikia kila mwaka siku ile ile tunayopakwa majivu kwenye paji la uso. Yesu anawasema wale wanaofunga huku wameharibu nyuso zao ili watu wawaone, anasema hao ujira wao wameshaupokea, na anawaambia wanafunzi wake wakifunga wanawe uso na kujipaka mafuta kichwani. Mimi miaka yote niliisikia kama habari za waigizaji, watu ambao hawafungi lolote, au wanafunga kidogo halafu wanakunja sura kubwa. Kumbe hata mtu anayefunga kweli anaweza kuwa ndani ya maneno yale. Uchovu wangu haukuwa wa kuigiza. Usiku 15 kwa wakati ule ulikuwa ni usiku 15. Macho mekundu yalikuwa mekundu kweli.

Sasa swali ndilo hili, na nimelibeba miezi sita: je, kitu cha kweli kinaweza kusema uongo?

Nadhani kinaweza. Macho yangu yalikuwa ya kweli, lakini nilichokituma kwa kaka kupitia macho yale kilikuwa ni hiki: "Mimi nampenda Mama, wewe humpendi." Na hicho si kweli. Kaka alikuwa na mkataba wa miezi mitatu kazini, angeondoka siku ya kwanza, nafasi ile ingeenda, na ile pesa ya kipimo isingekuwepo. Nilijua. Nilikaa kimya juu ya hilo nikauacha uso useme. Tena ujira niliutaka kabisa, na niliutaka kwa sarafu moja tu, ambayo ni aibu ya kaka yangu. Nikaupokea. Siku ile ile, mkononi.

Lakini ngojeni. Kuna mtu hapa ataniambia, na atakuwa na haki: "Sasa wewe unataka kutufundisha wasichana tukeshe, tunawe, tupake mafuta, tutabasamu, halafu kaka alale Mwanza?" Hoja hii ni nzito na siipiti haraka. Mama mdogo wangu ndiye mfano wake. Amewauguza bibi, babu, na mume wake. Kila mara uso umenawa, kitenge kimenyooka, ukimuuliza anasema, "Sijachoka, mwanangu." Ukoo mzima ukaamini kweli hachoki. Mpaka siku alipoanguka sokoni ndipo ikajulikana ana presha ya miaka. Je, uso wake ulionawa haukuwa unadanganya nao? Na je, sisi tuliomwamini kwa sababu ilitufaa, hatuna dhambi?

Nimefikiri sana juu ya hili. Ninavyoona, Yesu pale anazungumzia kufunga, jambo ambalo mtu ameliamua mwenyewe mbele ya Mungu. Hazungumzii zamu za kumgeuza mgonjwa. Kufunga hakuhitaji mwenzako aje akupokee saa sita usiku. Kuuguza kunahitaji. Kwa hiyo msaada unaombwa, na unaombwa kwa mdomo. Mama mdogo alinawa uso na akafunga mdomo. Mimi sikunawa uso na nikafunga mdomo vile vile. Maana sikiliza kilichotokea jioni ile, tulipotoka nje na kaka kununua maji. Akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, mbona hukuniambia nije? Kila nikipiga unasema mnaendelea vizuri."

Ni kweli. Siku 15 za simu, asubuhi na jioni, na hakuna hata siku moja niliyosema neno "njoo". Nilitaka aje bila kuitwa, na asipokuja, niwe na kitu cha kumwonyesha.

Sikumjibu kitu siku ile.

Kuna mahali pengine katika Injili pananisumbua, kwa sababu panaonekana kwenda upande wangu. Yesu mfufuka alibaki na madonda. Angeweza kufufuka mzima hana kovu, ameyaacha yote kaburini. Hakufanya hivyo. Tena aliwaonyesha mikono na ubavu wale wale waliokuwa wamemkimbia Alhamisi usiku. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuwaangalia bila kusema neno, ni yeye. Basi kuonyesha gharama uliyolipa si kosa lenyewe. Lakini soma Yohane sura ya 20 polepole, uone nini kinatangulia. Anasimama katikati yao, kwanza anawapa amani, ndipo anaonyesha mikono. Wanafurahi. Mimi nilimwonyesha kaka yangu mikono, amani nikabaki nayo mfukoni. Na yeye hakufurahi, alitazama sakafu.

Halafu kuna Mama mwenyewe, ambaye nimemwandika hapa kama vile alikuwa mzigo wa kitandani tu. Usiku wa 17, kama saa tisa hivi, nilimgeuza, nikamfunika, nikainama kumfuta mdomo. Taa ya korido ilikuwa inanipiga usoni. Akaniangalia muda mrefu. Akajitahidi, maneno yanakuja moja moja, akasema, "Kanawe. Nikikuona... naona... nakufa."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuja kukisoma baadaye katika ule utafiti wa Uswidi, kwamba uso uliokesha unaonekana una huzuni hata kama mwenyewe hana. Mgonjwa haambiwi kila kitu na daktari. Anausoma uso wa anayemuuguza kutwa kucha, kana kwamba ndilo faili lake. Uso wangu nilikuwa nimeupanga kwa ajili ya mtu mmoja, na aliyekuwa anausoma kila baada ya masaa mawili ni mwingine. Nilikwenda bombani nikanawa kwa maji ya barafu hasa, nikaomba mafuta kwa bibi mmoja aliyemuuguza mjukuu wake kitanda cha jirani, nikajipaka, nikarudi. Sijui kama nilipendeza. Mama alifumba macho akalala mpaka saa kumi na moja.

Kuna dada mwingine wodini aliniambia siku zile kuna krimu ya kuniondolea weusi wa macho ndani ya siku tatu. Ikoje hiyo krimu tunaijua wote. Vitu vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado vinauzwa chini ya meza. Nisipoteze muda hapo. Ninachosema ni kwamba kunawa uso na kuuficha uso ni vitu viwili.

Na kulala je? Wengine tumelelewa tukiamini mtakatifu ni mtu asiyelala. Mimi napenda kumkumbuka Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye jina lake kamili la utawa lilikuwa na Uso Mtakatifu ndani yake, na ambaye aliandika bila aibu kwamba kwa miaka alisinzia wakati wa sala, akajifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao hata wakiwa wamelala. Na Bwana mwenyewe alilala mashuani, kwenye mto, mawimbi yakipiga. Kuna watu wanaotumia ile sehemu ya Yohane ambapo Wayahudi wanamwambia hajafika hata miaka 50, wakati Luka anasema alianza kazi akiwa na kama miaka 30, kuhubiri kwamba uso wake ulikuwa umezeeka kwa mikesha. Ni wazo zuri, ila Injili haisemi hivyo na mimi sijengi nyumba juu yake. Nikiambiwa alikuwa na weusi chini ya macho siku fulani fulani, sitashangaa.

Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, Mama akaanza mazoezi, sasa anatembea na fimbo, anasema karibu kila kitu, hasa kunigombeza. Uso wangu? Baada ya wiki mbili za kulala kama watu, weusi ulipungua, kope zikarudi, majivu yakaisha kwa mafuta ya nazi ya kawaida. Kufikia mwisho wa mwezi wa nane yule kijana wa sauti ya tatu aliniambia nimependeza, sijui anadhani nimefanya nini. Ulibaki ule mkunjo mmoja katikati ya nyusi. Nikasema, haya, huu ndio wangu, huu nimeupata wodini. Nikafungua tena picha ya Pasaka nikaikuza mpaka mwisho. Mkunjo upo. Ulikuwepo tangu Pasaka, labda na kabla, nikisoma nakunja uso tangu shule. Kitu pekee nilichodhani kimebaki cha kuonyesha hakikutoka kule.

Mwezi wa tisa kaka alipata likizo, akaja wiki mbili. Siku ya pili tulikaa jikoni nikamwambia yote, la kuoga, la stendi, la mimi kutaka anikute vile. Nilidhani atakasirika. Alinyamaza sana, akachokonoa makaa kwenye jiko, akasema, "Nilijua. Ila nilidhani nimestahili." Kisha akaniambia zamu za usiku ni zake mpaka atakapoondoka, maana Mama bado alihitaji kuamshwa kwenda chooni mara tatu nne, na mimi nisisikie hata mlango.

Nililala. Asubuhi ya tano nikamkuta amekaa kizingitini, shati limekunjamana, macho mekundu, chini peusi pa kutosha, na pembe za mdomo zimeshuka sawasawa kama walivyoandika wale wa Uswidi. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Kaka, kanawe. Maji ya moto yapo kwenye ndoo."